Mjadala: Rais mpya tumpime kwa lipi? Turudi kwenye miezi minane ya kwanza ya Magufuli

Ndugu zangu, kila anapoapishwa rais mpya tunaingia kwenye kazi ileile ya kusoma dalili. Kamteua nani, kamwondoa nani, ziara ya kwanza kaenda wapi, kwenye hotuba kataja nini na karuka nini. Wapo wanaosema nyota njema huonekana asubuhi, na wapo wanaosema mpeni muda kwanza. Leo nataka tubishane juu ya usomaji wenyewe: ni matendo gani ya mwanzo ya rais yanabeba habari za miaka inayokuja, na ni yapi yanapita tu? Mfano nauchukua nyumbani, kwenye kipindi ambacho wengi wetu tulikishuhudia kwa macho: kuanzia 5 Novemba 2015, John Magufuli alipoapishwa Uwanja wa Uhuru, mpaka Juni 2016.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Rais wa Tanzania hapewi madaraka mapya siku ya kiapo. Anarithi yote yaliyokwisha kuwepo, mengine tangu wakati wa mkoloni, mengine tangu chama kimoja. Basi habari iko hapa: ni madaraka yapi anayashika kwanza, na anayashika dhidi ya nani. Akiyatumia kwa walio chini yake, anatuonyesha hulka yake. Akiyatumia kwa wale ambao kazi yao ni kumhoji na kumwambia hapana, anatuonyesha nchi inakoelekea. Hayo mengine, hata yakiwa mema, hayatabiri kitu.

Tukumbushane. Siku moja baada ya kiapo alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu. Tarehe 9 Novemba akaingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT-scan hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa. Safari za nje za watumishi zikazuiwa. Fedha za hafla ya wabunge zikaenda kununua vitanda vya hospitali. Tarehe 27 Novemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaingia bandarini Dar es Salaam, likaibuka suala la makontena 349 yaliyotolewa bila kulipiwa kodi, na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA) akasimamishwa kazi. Januari 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Hata majirani zetu Wakenya wakawa wanaulizana mitandaoni Magufuli angefanyaje kwenye hili na lile. Nchi ilikuwa imechoka na kashfa ya Escrow, imechoka na ile ya Richmond, imechoka kusikia mabilioni yamepotea na hakuna aliyekwenda jela. Mtu asituambie leo kwamba furaha ile ilikuwa ya kijinga. Ilikuwa na sababu zake.

Lakini chukueni tendo moja tu kati ya hayo, lile lililosifiwa kuliko yote: kufutwa kwa sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015. Siku ile ikawa ya usafi, kipindupindu kikiwa kinaua watu, na Sh bilioni 4 za gwaride zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Tukasema huyu ni wa tofauti. Sasa songeni mbele. Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye alifuta sherehe za Uhuru, fedha zikaenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Desemba 2025 zikafutwa tena. Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba alitangaza kwamba fedha zitengeneze miundombinu iliyoharibiwa kwenye vurugu za uchaguzi, na siku yenyewe, watu wakiwa wameitana kuandamana, mitaa ilijaa askari. Tarehe ileile, tamko lilelile la kuokoa fedha, katika nyakati tatu zisizofanana hata kidogo. Mara moja lilikuwa usafi, mara moja lilikuwa watoto, mara moja lilikuwa ni siku ambayo serikali isingependa kuona watu wamekusanyika. Tendo linaloweza kubeba maana zote hizo haliwezi kuwa dalili ya chochote. Ndiyo maana nasema ishara za namna hii tuzipokee kwa shukrani kama zimefanya jema, kisha tusizihesabu.

Kutumbua majipu, yaani kuwaondoa hadharani watumishi wanaotuhumiwa, ni jambo jingine, na hapa natarajia wengi tutapingana. Kwa wengi ule ulikuwa ushahidi wa uadilifu. Mimi naangalia namna ulivyofanyika. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake zinataka mtumishi anayetuhumiwa aandikiwe mashtaka na apewe nafasi ya kujitetea. Ni utaratibu wa polepole, unaokera, na mafisadi wameutumia mara nyingi kujificha. Hilo nalikubali. Lakini Aprili 2016, kwenye uzinduzi wa Daraja la Kigamboni, mkurugenzi wa jiji alisimamishwa papo hapo mbele ya umati, kwa tuhuma alizosomewa jukwaani na mkuu wa mkoa. Mwezi huohuo mkuu wa mkoa wa Shinyanga aliondolewa kwa kusema mkoa wake hauna watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu kazini, kisha uchunguzi ukawakuta. Labda kila mmoja wao alistahili kuondoka. Swali langu ni je, mtumishi aliyekaa ofisini Singida au Lindi akiitazama picha ile kwenye runinga alijifunza nini? Alijifunza kwamba kinachomlinda mtu kazini si sheria, ni kutomkasirisha mkuu. Na kwamba ukiulizwa una watumishi hewa wangapi, jibu salama ni kutaja idadi, yoyote ile. Utumishi uliofunzwa hivyo hauwezi baadaye kumwambia rais ukweli mchungu, hata akiuhitaji. Tuliona ugonjwa wa Korona ulipoingia 2020: takwimu za taifa zilisimama mwishoni mwa Aprili, mwaka ukaisha, na ndani ya serikali hakuna aliyesimama hadharani kusema tuendelee kuhesabu.

Sasa tuje kwenye yale ambayo hayakushangiliwa sana wala hayakulaaniwa sana. Kwangu humo ndimo kila kitu kilikuwemo.

Katikati ya Januari 2016, miezi miwili na siku kadhaa baada ya kiapo, gazeti la Mawio lilifutwa kwa Sheria ya Magazeti ya 1976. Kesi ya uchochezi iliyofuata, iliyowagusa wahariri wake na mbunge wa upinzani Tundu Lissu, ilihusu habari ya mgogoro wa Zanzibar. Kisha tarehe 27 Januari waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akasimama bungeni Dodoma na kutangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja. Badala yake pangekuwa na kipindi cha usiku kilichorekodiwa na kuhaririwa. Wabunge wa upinzani walipokataa kukaa kimya, askari waliingia ukumbini. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Tena ikaongezwa kwamba mchana watu wanapaswa kuwa kazini, si mbele ya runinga. Ilipofika Aprili, vituo binafsi navyo vilikuta kamera zao hazina nafasi, picha zinatoka studio ya Bunge.

Ziwekeni zile namba mbili pamoja. Desemba tuliokoa bilioni 4 za gwaride, Januari tukaokoa bilioni 4.2 za Bunge. Kiasi kinakaribiana, lugha ni moja, ni hiyohiyo ya kubana matumizi. Bajeti ya serikali nzima mwaka ule ilizidi Sh trilioni 22, kwa hiyo kwa hesabu za fedha yote mawili hayakuwa chochote. Lakini gwaride likifutwa, mwananchi anakosa kuona ndege zikipita angani. Bunge likifungwa, mwananchi wa Kasulu anakosa kumwona mbunge wake akimbana waziri kuhusu kivuko au zahanati. Tulikuwa tumezoea, tangu Richmond ilipomwondoa Waziri Mkuu Februari 2008, kwamba mijadala mizito tunaifuatilia sebuleni na vijiweni saa ileile inapotokea. Escrow ya Novemba 2014 watu waliifuatilia hadi usiku. Ule ndio ulikuwa uwajibikaji pekee ambao mtu asiye na cheo aliushika mkononi, na ndio uliokatwa wa kwanza. Ulikatwa kwa lugha ileile iliyotufurahisha mwezi uliotangulia, na kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuipenda ile lugha, wengi tukakosa pa kusimama kuipinga.

Jambo la tatu silisikii likitajwa kwenye mijadala hii, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Ni Zanzibar. Uchaguzi ulifanyika 25 Oktoba 2015, na siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuyafuta matokeo ya visiwani. Kura za rais wa Muungano zilizopigwa siku ileile, na watu walewale, zilihesabiwa na kuwa halali. Kazi ikabaki kwa rais mpya. Desemba alimpokea Ikulu Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea wa chama cha upinzani cha CUF, watu wakaanza kuwa na matumaini. Februari 2016 akazungumza na wazee wa Dar es Salaam na msimamo wake ukawa wazi: Tume ya Zanzibar ni huru kwa mujibu wa sheria, yeye hataiingilia, kazi yake ni kuhakikisha kuna usalama. Uchaguzi ukarudiwa 20 Machi, CUF wakasusa, Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Siku nane baadaye Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC, likasitisha msaada wa dola milioni 472 uliokuwa uende zaidi kwenye umeme, likitaja Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Tazameni picha nzima. Rais yuleyule ambaye hakusubiri barua wala kikao kumwondoa mkurugenzi wa hospitali, ambaye aliingia wizara yoyote saa yoyote, alipofika Zanzibar aliinua mikono akasema sheria hainiruhusu. Huenda kweli kikatiba hakuwa na mamlaka juu ya tume ile. Lakini mtu anayeheshimu mipaka ya sheria huiheshimu kote, hata pale inapomchelewesha kumtoa mzembe. Anayeivuka inapomkera na kuikumbuka inapomfaa ametuambia sheria kwake ni nini. Na alituambia mapema, kabla hajatimiza miezi minne ofisini. Kwenye kumsoma rais mpya tunahesabu sana anayoyasema. Pale ambapo kila mtu anamtazama yeye na yeye anakaa pembeni, ule nao ni msimamo, tena kwa kawaida ni msimamo aliouwaza zaidi kuliko hotuba.

Juni 2016 ikaja ya mwisho: mikutano ya hadhara ya vyama. Kwanza polisi walipiga marufuku, kisha rais mwenyewe akasema siasa za majukwaani zisubiri 2020, wabunge wafanye mikutano kwenye majimbo yao tu. Ibara ya 20 ya Katiba inatoa haki ya kukusanyika. Sheria ya Vyama vya Siasa inatoa haki ya kufanya mikutano, chama kikiwapa polisi taarifa. Hakuna kifungu kilichobadilishwa siku ile. Ilikuwa kauli. Kauli ile ilidumu zaidi ya miaka sita, mpaka 3 Januari 2023 Rais Samia alipowaita viongozi wa vyama Ikulu na kuwaambia zuio limeondolewa. Tukashangilia tena. Lakini angalieni ilivyoondoka: kwa kauli. Haki iliyochukuliwa kwa mdomo ikarudishwa kwa mdomo, na sheria ilikuwa ileile siku zote. Haki ya namna hiyo bado haijawa yako. Umeazimwa.

Kwa anayetaka kuona jinsi mambo haya yanavyozunguka, amfuatilie Nape mwenyewe. Januari 2016 ndiye aliyetangaza kufungwa kwa matangazo ya Bunge. Machi 2017, baada ya kuunda kamati iliyochunguza kuvamiwa kwa kituo cha utangazaji cha Clouds, aliondolewa uwaziri, na siku hiyohiyo alipokwenda kuzungumza na waandishi mtu asiye na sare alimtolea bastola, hadharani, kamera zikiwaka. Februari 2022, akiwa waziri wa habari kwa mara nyingine, yeye ndiye aliyerudisha leseni za Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Mtu mmoja, mkono mmoja, ukafunga na kufungua. Silileti hili kumsema yeye. Nalileta kwa sababu linaonyesha kwamba kati ya 2016 na 2022 kilichobadilika ni matakwa ya aliyekuwa juu, na zana zenyewe zilibaki ukutani zikisubiri atakayezihitaji.

Sasa nijibu hoja ninazozijua, maana zimekuwa zikirudiwa kila tukifika hapa.

Ya kwanza: Magufuli hakuanzisha lolote, kwa nini lawama iwe yake? Nusu ya hoja hii ni kweli na lazima isemwe. Sheria ya Magazeti ni ya wakati wa Mwalimu. MwanaHalisi lilifungiwa kwa muda usiojulikana Julai 2012, chini ya Rais Jakaya Kikwete. Mwananchi na Mtanzania yalifungiwa Septemba 2013. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na kusainiwa 2015, kabla Magufuli hajawa hata mgombea. Lakini hoja hii inaunga mkono usomaji wangu. Kwa kuwa zana zote zilikuwepo, aliyepokea alikuwa na hiari. Angeweza kuanza na ya fedha na ya ufisadi, akaiacha ya magazeti. Angeweza kupeleka bungeni muswada wa kufuta kifungu kimoja tu kibaya. Alichoshika kwanza kinatueleza alichokiona kuwa ni kikwazo kwake.

Ya pili: rais mpya apewe muda, miezi mitatu haitoshi kumhukumu. Kumhukumu hapana, nakubali. Lakini kumpa muda na kunyamaza ni vitu viwili. Muda ule wa mwanzo ndio pekee ambao rais bado anajali tunasemaje, bado anajenga jina, bado wateule wake hawajajua atavumilia nini. Pingamizi la Januari lina bei ndogo kuliko la mwaka wa tatu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Profesa Mussa Assad, alifikiwa 2019: Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi kwa sababu alilitaja kuwa dhaifu, Novemba akaondolewa. Ilipofika Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kule kulikuwa kinyume cha Katiba, yeye alikwisha kuwa nje miaka mitatu. Bunge lililomkataa mkaguzi lilikuwa ndilo lililozoea miaka mitatu kufanya kazi bila kutazamwa. Mpaka hapo mnyororo naweza kuuonyesha, kiungo kwa kiungo. Sitausukuma zaidi ya hapo. Sisemi kwamba kufungwa kwa kamera ndiko kulikoleta risasi zilizompata Lissu Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Nani alizifyatua hatujaambiwa, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Ya tatu ndiyo nzito, na naiheshimu: nchi ilihitaji nidhamu, na maskini hali magazeti. Reli ya kisasa, Bwawa la Nyerere, ndege, elimu bila ada, hivi navyo vilianza kwa mtu aliyeamua. Anayesema hivi mara nyingi ni mtu ambaye mtoto wake aliingia darasa la kwanza Januari 2016 bila kudaiwa mchango, na mimi sina ujasiri wa kumwambia hakupata kitu. Tena elimu bila ada inaitikisa hoja yangu mwenyewe, kwa sababu nayo ilikuja kwa waraka, si kwa sheria, na bado imedumu. Rais aliyefuata aliiongeza hadi kidato cha tano na sita. Kwa nini waraka ule ulidumu na haki ya mikutano ikayeyuka kwa sentensi moja? Nimelifikiri sana hili. Nadhani ni kwa sababu elimu ile ina mamilioni ya walinzi: kila mzazi ni mlinzi wake, na hakuna mwanasiasa atakayethubutu kusimama Kahama au Newala kusema ada inarudi. Gazeti la Mawio walinzi wake walikuwa wachache. Wanaotazama Bunge ni wengi, lakini hawajioni kama kundi. Ndiyo maana katika mwanzo wowote wa rais, vinavyohitaji kutetewa kwa sauti ni vile visivyo na walinzi wengi, maana hivyo ndivyo rahisi kuviondoa bila gharama. Na bila hivyo, mzazi yuleyule hana pa kuuliza kwa nini darasa moja lina watoto zaidi ya mia.

Kipimo hikihiki nimekijaribu kwa Rais Samia, na kinatoa majibu yasiyopendeza upande wowote. Alipopokea nchi Machi 2021 baada ya kifo cha mtangulizi wake, dalili za mwezi wa kwanza zilikuwa nzuri: tarehe 6 Aprili alitaka vyombo vya habari vilivyofungiwa vifunguliwe, akaunda kamati ya wataalamu wa Korona. Novemba wasichana waliopata ujauzito wakaruhusiwa kurudi shule. Lakini kati ya matendo hayo yapo mengine. Usiku wa kuamkia 21 Julai 2021 Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani, Chadema, alikamatwa Mwanza, alikokwenda kwa kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi, akakaa mahabusu mpaka 4 Machi 2022 mashtaka yalipoondolewa. Wengi waliliita kosa la njiani, la wateule wa zamani. Mimi naona ilikuwa sahihi kuliweka kwenye mizani kwa uzito wake wote, kwa sababu ndilo pekee lililomhusu mtu anayeweza kumpinga rais kwenye kura. Aprili 2025 Lissu, aliyekuwa amemrithi Mbowe uenyekiti, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, Chadema ikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Tarehe 29 Oktoba tukafika tulipofika: intaneti imezimwa, amri ya kutotoka nje, watu wameuawa mitaani, na matokeo ya zaidi ya asilimia 97.

Aliapishwa 3 Novemba 2025 Dodoma, kwenye eneo lililofungwa, bila umma. Ndiyo mara yake ya kwanza kuwa rais wa kuchaguliwa mwenyewe, kwa hiyo kwa maana hiyo ni rais mpya, na tumeanza upya kusoma dalili. Tarehe 14 Novemba akihutubia Bunge alitoa pole, akatangaza tume ya uchunguzi, akaomba wanaoendesha mashtaka watazame upya vijana waliofuata mkumbo. Wapo walioona mlango umefunguka. Tume ikatajwa siku chache baadaye chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mtu mwenye heshima yake. Lakini tume ya namna hii huteuliwa na rais na ripoti yake humkabidhi rais, na wanaotuhumiwa ni vyombo vilivyo chini ya rais. Kwa kipimo changu, uteuzi wa tume siuhesabu, na pole siihesabu. Nahesabu kama kiongozi wa chama kikuu cha upinzani yuko nje au ndani. Nahesabu kama waliopoteza ndugu wanaweza kusema majina yao hadharani bila kufuatwa. Nahesabu kama ile ahadi ya kuanza mchakato wa Katiba mpya ndani ya siku mia moja, iliyotolewa kwenye kampeni, inagusa ibara ya 41(7), ile inayozuia mahakama kuhoji matokeo ya urais. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapahapa Arusha, ilikwisha kusema Julai 2020 kwamba ibara ile inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara hiyo kila rais ameirithi, na hakuna hata mmoja ambaye imemkera.

Nawaachia uwanja. Naomba hasa waliokuwa kwenye utumishi 2015 na 2016 watueleze kama ile hofu ninayoisema kuhusu kutumbuliwa ilikuwepo kweli ndani ya ofisi, au naiona mimi niliye nje. Naomba Wazanzibari waseme kama Februari 2016 waliisikia kauli ile kama nilivyoisikia. Na kwa anayeamini kwamba matendo ya fadhila ya mwanzo yanatabiri kitu, naomba anitajie rais mmoja tu wa kwetu, kuanzia 1995, ambaye wema wake wa siku mia za kwanza kwa wananchi wa kawaida ulituwezesha kujua mapema atawatendeaje wapinzani wake.